Kijivu Kinachoelekea Peremende: Fumbo la Rangi ya Zero kwa Waundaji wa Modeli

Miongoni mwa watu wanaounda modeli za ndege za Vita vya Pili vya Dunia, ni maswali machache yaliyozua ubishi mrefu kama hili linaloonekana jepesi: ndege ya kivita ya Mitsubishi A6M, ambayo dunia inaijua kwa jina la Zero, ilipakwa rangi gani? Maboksi ya modeli ya zamani yaliagiza kijivu cheupe kinachokaribia maziwa. Maboksi ya miaka ya karibuni yanaagiza kijivu chenye uzeituni ndani yake, na ukiziweka mezani modeli mbili zilizofuata maagizo hayo mawili, mtu asiyejua angedhani ni ndege za majeshi mawili tofauti. Kila upande una picha zake na una kipande chake cha bati kilichookotwa kisiwani.

Kwa maoni yangu pande hizo mara nyingi hujibu maswali tofauti bila kujitambua. Mmoja anaeleza rangi iliyotoka kiwandani. Wa pili anaeleza rangi iliyobaki baada ya jua na chumvi ya bahari. Wa tatu anaeleza rangi inayopendeza kwenye kitu chenye ukubwa wa shibiri na kidogo, maana Zero yenye mabawa ya mita 12 hubaki na sentimita 25 tu katika skeli ya 1:48. Majibu yote matatu yanaweza kuwa sahihi, lakini huwezi kuyapaka yote kwa pamoja juu ya bawa moja.

Chanzo cha utata huu ni moto. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, ofisi za jeshi zilichoma nyaraka kwa wingi kabla ya Wamarekani kuwasili, na ndege zilizosalia viwanjani zikavunjwavunjwa na kuteketezwa na majeshi yaliyoikalia nchi. Kilichookoka ni ushahidi wa vipande: mabaki ya ndege zilizoanguka visiwani, picha ambazo karibu zote ni nyeusi na nyeupe, ripoti chache za maabara, na kabrasha la jeshi la majini lijulikanalo kama Kariki 117, lenye vibao vya rangi vilivyopewa alama za herufi na namba, kwa mfano J3 kwa kijivu na D1 kwa kijani iliyokoza.

Kabla ya kufika kwenye rangi yenyewe inafaa kuelewa majina, kwa sababu makosa mengi ya rangi huanzia hapo. Ndege hii iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939, ikiwa kazi ya mhandisi Jiro Horikoshi, na ikapokelewa jeshini mwaka 1940, mwaka ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ulikuwa wa 2600. Sifuri ya mwisho ndiyo iliyoipa jina. Katika A6M2, herufi A ni ndege ya kivita ya kurukia melini, 6 ni ya sita katika ukoo huo, M ni Mitsubishi, na 2 ni toleo. Herufi M haibadiliki hata ndege ikiundwa na kampuni nyingine, na Zero nyingi zaidi ziliundwa na Nakajima kuliko zilizoundwa na Mitsubishi yenyewe. Anayesoma M kwenye boksi na kufuata rangi za Mitsubishi anaweza kuwa amepotea tayari.

Namba ya modeli, yaani ya aina ya ndege halisi, nayo haisomwi kama tunavyosoma namba. Modeli 21 ni mbili na moja, si ishirini na moja: tarakimu ya kwanza ni umbo la ndege, ya pili ni injini. Modeli 32 ina umbo la tatu, lenye ncha za mabawa zilizokatwa mraba, na injini ya pili, yaani Sakae 21 badala ya Sakae 12. Kisha ikaja Modeli 22, na hapa wengi hushangaa namba kurudi nyuma. Wanajeshi walirudisha umbo la zamani lenye mabawa marefu lakini wakabaki na injini mpya. Modeli 52 iliyofuata ilipata mabawa mafupi yenye ncha za mviringo, pamoja na mabomba ya moshi yaliyoachwa kila moja lipumue peke yake kuelekea nyuma. Kila umbo lina zama zake, na kila zama zina rangi yake, kwa hiyo namba hizi ndizo kalenda ya mtu wa modeli.

Sasa tuije rangi ya Modeli 21, ile iliyoshambulia Pearl Harbor Desemba 1941. Mwanzoni mwa mwaka 1942, wataalamu wa ndege wa jeshi la majini huko Yokosuka walifanya utafiti wa rangi za kuifichia Zero, na katika ripoti yao waliieleza rangi iliyokuwa ikitumika kuwa ni J3, yaani rangi ya majivu, lakini inayoelekea kidogo kwenye ame. Neno hilo moja limewatesa watu kwa miongo. Ame ni peremende ya Kijapani inayopikwa kwa wanga na kimea hadi iwe nzito na ya kupenyeza mwanga, rangi yake ikiwa kati ya asali na kaharabu. Msomaji wa pwani anaweza kukumbuka jinsi halua inavyoonekana ukiinyanyua dhidi ya taa; si kahawia tupu, ni ule uvuguvugu wa njano ulioko ndani yake.

Watu waliposikia neno hilo, baadhi yao walikimbilia upande wa pili wa kosa wakaipaka Zero karibu rangi ya kahawa ya maziwa. Ripoti haikusema hivyo. Ilisema ni majivu kwanza, kisha kuna mwelekeo. Vipande vilivyopimwa kutoka Zero za mwanzo za Mitsubishi vinaonyesha kijivu chenye kijani na njano kwa mbali, chenye kung'aa, na wengi hutaja namba 16350 ya mfumo wa rangi wa serikali ya Marekani kuwa jirani wake wa karibu. Katika mfumo huo tarakimu ya kwanza haihusu rangi hata kidogo: 1 ni mng'ao, 2 ni mng'ao wa wastani, 3 ni rangi iliyofifia isiyorudisha mwanga. Mnunuzi anayeona 36350 dukani ajue kwamba rangi ni ileile, ila imekufa mng'ao.

Kwa nini basi mashahidi wengi walisema kijivu cheupe? Jibu fundi yeyote wa kupuliza rangi za magari analijua. Gari jekundu likikaa juani miaka mitatu hugeuka pinki, nalo ukilipaka mkono huacha unga kiganjani. Rangi ya Zero ilipatwa na jambo hilohilo: jua la Pasifiki lilikula kiunganishi cha juu, kile kinachozishika chembe za rangi pamoja, chembe za rangi zikabaki kama chokaa, na uso wa ndege ukawa kijivu kikavu na cheupe. Mahali palipoguswa mara kwa mara na mikono ya mafundi, au palipong'arishwa, ule unga uliondoka na rangi ya awali ikachomoza tena. Ndege moja ingeweza kuonyesha rangi zote mbili siku hiyohiyo.

Vipande vilivyookotwa navyo vinapaswa kuhojiwa kabla ya kuaminiwa. Rangi ya zama hizo ikifichwa gizani kwa miaka mingi, kiunganishi chake huweza kugeuka njano zaidi kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo kipande kilichotunzwa ndani ya kabati kinaweza kudanganya kuelekea kahawia kama vile kilicholala juani kinavyodanganya kuelekea weupe. Picha nazo zina hila zake. Filamu za othokromatiki, zilizotumika sana wakati huo, haziioni rangi nyekundu. Ndiyo maana duara jekundu la jua, alama ya ndege za Japani, katika picha fulani huonekana karibu jeusi, na aliyepaka duara la modeli yake kwa wekundu wa damu ya mzee akitegemea picha kama hiyo amepotoshwa na kemia.

Baada ya hapo linakuja suala la viwanda viwili. Nakajima ilianza kuunda Zero mwishoni mwa mwaka 1941, kwa hiyo zile za Pearl Harbor zilikuwa za Mitsubishi. Tofauti kati ya viwanda hivyo haikuwa ndogo. Kwenye Modeli 21, duara jekundu la ubavuni la Nakajima lilizungushiwa ukingo mweupe, wakati la Mitsubishi liliachwa bila ukingo. Kifuniko cha injini cha Mitsubishi kilikuwa cheusi chenye bluu kwa mbali. Rangi ya ndani ya chumba cha rubani ilikuwa kijani katika viwanda vyote viwili, ila ya Mitsubishi ilivutwa upande wa njano. Kijani ya nje ilipoanza kupakwa kiwandani mwaka 1943, mpaka wake na kijivu cha chini ulichorwa kwa namna mbili: wa Mitsubishi ulinyooka kupita chini ya kibawa cha mkiani, na wa Nakajima ulipanda kwa mkunjo hadi kwenye ukingo wa mbele wa kibawa hicho. Anayeitazama picha ya ubavu wa ndege anaweza kutambua kiwanda kwa kuangalia mkia tu, na akishakitambua ameshajibu nusu ya maswali ya ndani asiyoweza kuyaona.

Kuna rangi ya tatu ambayo haionekani kwa nje, nayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote kuipaka. Wajapani waliiita aotake, mwanzi mbichi. Haikuwa rangi kwa maana ya kawaida, bali vanishi ya kupenyeza mwanga iliyopakwa juu ya bati tupu la duralumini ili kuzuia kutu, na kwa kuwa ilipitisha mwanga, bati lilimeta chini yake kama magamba ya samaki. Ilibadilika kutoka bluu hadi kijani kwa kadiri ya unene na mchanganyiko, hata ndani ya ndege moja. Anayetafuta chupa moja ya rangi iliyoandikwa aotake atapata kitu kilichokufa. Njia iliyo karibu na ukweli ni kupuliza fedha kwanza, kuiacha ikauke vizuri, kisha kupitisha tabaka jembamba la bluu angavu na kijani angavu, kwa mfano X-23 na X-25 za Tamiya, huku tone la njano angavu likiongezwa sehemu fulani na kuachwa sehemu nyingine. Ukipiga tabaka moja zito badala ya matatu membamba, mmeto wa bati unazimika na kazi inapotea.

Kosa lililoenea kupita yote, nami nililitenda katika Zero yangu ya kwanza, ni kuchubua rangi kila mahali. Tumezoea picha za ndege za Kijapani zilizobabuka kama ukuta wa chumvi, tukahitimisha kwamba rangi ya Kijapani haikushika. Nilichukua brashi na rangi ya fedha nikanyunyizia madoa mabawani, ubavuni na kwenye usukani wa mkia, nikajiona fundi. Nilichosahau ni kwamba usukani wa Zero, pamoja na vibawa vya kusogea vya mabawani na vya mkiani vinavyoinamisha ndege, ulifunikwa kwa kitambaa kilichopakwa dawa. Nguo haichubuki ikatoa chuma. Modeli hiyo bado ninayo, na kila ninapoitazama nauona ule usukani wenye madoa ya fedha ukinicheka.

Ukweli wa kubabuka unategemea kilichokuwa chini ya rangi. Mabaki ya Zero za Mitsubishi yana undakoti wa rangi ya udongo mwekundu, na rangi iliyopakwa juu ya undakoti huo ilishika vizuri. Ndege zilizobabuka vibaya zilikuwa hasa za jeshi la nchi kavu, kama Ki-43 Hayabusa na Ki-61 Hien, ambazo nyingi zilitoka kiwandani zikiwa bati tupu na kupuliziwa kijani huko vitani, bila undakoti, mara nyingine na watu wenye haraka na bomba moja. Kwa Zero za Rabaul, kituo cha Wajapani kusini mwa Pasifiki, mwaka 1943 hali ilikuwa ya kati: kijani kilipakwa uwanjani juu ya kijivu cha zamani, kwa hiyo kilipotoka kilifichua kijivu, si fedha. Fedha inastahili kuonekana kwa uchache, kwenye ukingo wa bawa karibu na mwili mahali rubani na fundi walipokanyaga, na kwenye vifuniko vya injini vilivyofunguliwa kila siku. Hata kukanyaga kulikuwa na mipaka yake. Kwenye vibawa vya bawani vinavyoshushwa wakati wa kutua paliandikwa fumuna, yaani usikanyage, na dekali, yaani vibandiko, za maneno hayo madogo hupatikana katika maboksi mengi.

Kuhusu vitu vya kuongezea ndani sitakaa sana, kwa kuwa maboksi ya kisasa yamekwishafanya kazi kubwa. Tamiya, kampuni ya Shizuoka iliyoanza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, imetoa Zero kwa skeli kadhaa, na Eduard ya Cheki ilitoa A6M2 yake ya 1:48 mwaka 2021 ikiwa na ribiti zilizochorwa juu ya bati zima. Vitu viwili vinastahili pesa ya ziada: mikanda ya kiti, kwa sababu plastiki haiwezi kulala kama nguo, na matako ya bunduki mbili za milimita 7.7 yaliyoingia hadi ndani ya chumba cha rubani juu ya dashibodi, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza jicho linachokutana nacho kupitia kioo. Mlingoti wa redio nao hauwekwi kwa mazoea. Baadhi ya vikosi vilivyoruka kutoka nchi kavu, kikiwemo kile cha Tainan, viliondoa redio ili kupunguza uzito na kukata mlingoti wake, wakati ndege za melini zilibaki nao.

Mambo yote haya huonekana kama msitu hadi mtu aamue jambo moja: anaunda ndege ipi, ya siku ipi. Chukua mfano ulio karibu na bahari yetu. Tarehe 5 Aprili 1942, meli za kubeba ndege za Admirali Nagumo wa Japani zilishambulia Colombo, na siku nne baadaye Trincomalee. Baada ya mashambulizi hayo manowari kongwe za Uingereza zilirudishwa nyuma hadi Kilindini, Mombasa, mji ambao shule ya Allidina Visram ilikuja kuwa kituo cha Waingereza cha kuvunja maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Ukiamua kuunda Zero ya siku hiyo ya Colombo, mashaka yanapungua yenyewe. Ni Modeli 21. Ina mlingoti wa redio. Ni ya kijivu, maana kijani bado. Ukingo wa mbele wa bawa hauna ule mkanda wa njano, kwa kuwa ulianza kutumika baadaye mwaka huohuo.

Alama za mkiani zitakuambia meli. AI ni Akagi, yenye mkanda mmoja mwekundu kiunoni mwa ndege. BI ni Soryu, mkanda mmoja wa bluu. BII ni Hiryu, mikanda miwili ya bluu. EI ni Shokaku, mmoja mweupe. EII ni Zuikaku, miwili meupe. AII ya Kaga, yenye mikanda miwili myekundu, haifai hapa hata ikiwa imo kwenye karatasi ya dekali na inapendeza kuliko nyingine zote, kwa sababu Kaga ilikuwa imerudi Japani kutengenezwa na haikuwako Bahari ya Hindi.

Hata hivyo bado lipo swali la jua. Kufikia Aprili, ndege iliyokuwa Pearl Harbor ilikuwa imekaa miezi minne ya ziada kati ya sitaha yenye upepo wa chumvi na banda la ndege la chini, lenye kivuli. Ningeanza na kijivu chenye uzeituni, kilekile cha kiwandani, nikipulize hadi kishike sawasawa juu ya undakoti. Kisha ningechukua rangi hiyohiyo iliyotiwa nyeupe kidogo na thina nyingi, nikaipitisha kama ukungu juu ya migongo ya mabawa na mgongo wa kiwiliwili, pale jua linapopiga, na kuacha tumbo la ndege jinsi lilivyo. Vifuniko vya nguo ningevipa kivuli tofauti kwa nukta moja tu, maana kitambaa na bati hazichakai kwa mwendo mmoja.

Mwisho ni vanishi, na hapa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana adui ambaye mwenzake wa Nairobi hamjui. Vanishi ya thina kali ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi hewani huganda na ukungu mweupe ndani yake, na Zero iliyokuwa na majivu na peremende hurudi kuwa maziwa. Mimi hungoja asubuhi ya kipupwe yenye upepo mkavu, napuliza tabaka mbili nyembamba zenye mng'ao wa wastani, na zikishakauka nachukua kitambaa laini na kuisugua kidogo sehemu iliyo chini ya kioo cha rubani, upande wa kushoto, mahali mkono wa fundi ulipopita kila asubuhi.